Njiwa Waliokaa Chini ya Sola ya Kaloleni

Nyinyi mnaofunga sola siku hizi mna mikanda kiunoni na kofia ngumu kichwani. Nawaona kutoka dirishani kwangu hapa Umoja mkipanda yale maghorofa, na moyo wangu unatulia. Sisi tulipanda na raba za miguuni, na Mungu. Lakini nawaona pia mkishuka, na wiki mbili hazijaisha njiwa wamehamia chini ya paneli zenu kana kwamba mliwajengea wao. Halafu mnakuja kugonga mlango: "Mzee Musyoka, hawa ndege tuwafanyeje?"

Nitawaambia. Ila mtanivumilia, kwa sababu sikujifunza kazi hii kwa mpangilio na siwezi kuisimulia kwa mpangilio.

Sola ya wakati wetu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, haikuwa ya umeme. Ilikuwa ya kupasha maji. Kasha la bati lenye kioo juu, ndani mabomba meusi yamelala kama mbavu, na tangi limekaa juu yake. Jua likipiga kioo, maji yanapata moto na kupanda yenyewe mpaka tangini, bila pampu. Watu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya mashariki mwa Nairobi, hawakuwa nazo majumbani mwao. Ungezikuta kwenye hosteli, kwenye nyumba za mapadre, kwenye kliniki moja moja. Sasa, kati ya lile kasha na vigae vya paa kulikuwa na nafasi ya kama kiganja na nusu. Pakavu, pana joto, paka hafiki. Ungekuwa njiwa, ungetafuta nyumba wapi kwingine?

Aliyenifundisha aliitwa Mzee Gitau. Alikuwa mtu wa Murang'a, amestaafu kazi ya mabomba kwenye reli, lakini koti lake la reli alikataa kulistaafisha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja pale Kaloleni, si mbali na ukumbi wa mtaa. Nilifika kwake nikiwa na miaka ishirini na sita, nimeoa, najua kukata bomba na kuliunga, na nikijiona nimemaliza masomo.

Siku ya kwanza alinipandisha kwenye paa la hosteli moja kule Baba Dogo. Tulipofika juu, akakaa. Akatoa flaski, akajimiminia chai. Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Chini, watu wa hosteli walikuwa wamesimama uani wakitutazama.

"Mzee, tunangoja nini?"

"Nangoja wenye nyumba watoke."

Nilidhani anamsema msimamizi wa hosteli. Nikamwambia yule pale chini, amevaa tai. Mzee Gitau akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye koti.

"Wenye nyumba ni hawa," akasema, akionyesha chini ya sola. "Angalia wanavyoingia na wanavyotoka. Watakwambia kila kitu."

Na kweli waliniambia, ingawa ilinichukua miaka kuwaelewa. Njiwa akiingia na kijiti mdomoni, bado anajenga. Mtoe, safisha, funga, hujamkosea sana. Asubuhi ya saa nne ukiona mmoja ameingia na mwingine ametoka, halafu jioni wakabadilishana tena, jueni wana mayai, wanapokezana kuyalalia. Na wakiingia mbiombio, wakakaa kidogo, wakatoka, jueni kuna makinda. Hapo ndipo fundi mjinga anapodanganyika, maana makinda wakishaota manyoya kidogo, wazazi wote wawili huenda kutafuta chakula mchana. Unachungulia, unaona kumenyamaza, unasema hakuna mtu. Wamo. Wamelala kwenye giza la nyuma, kimya kabisa, kwa sababu hawakujui.

Hayo ya mwisho nilijifunza vibaya. Nitafika huko.

Kabla sijafika, acheni niwape kicheko. Kuna wakati nilichoka na waya na koleo nikaamua kutumia akili. Nilikuwa nimesikia kwamba ndege huogopa nyoka. Nikachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, nikakipaka rangi, madoadoa meusi na manjano, hata ulimi mwekundu nikautengeneza kwa kitambaa. Nikakilaza kando ya sola ya nyumba moja ya wageni ya kanisa, nikarudi nyumbani nikijisifu. Usiku ule mvua ikanyesha. Maji yakamsukuma nyoka wangu mpaka kwenye mfereji wa paa, na asubuhi akawa ananing'inia kwenye bomba la kushushia maji, kichwa chini, ulimi nje. Mama mmoja aliyekuja kufua akamwona. Nilipofika nikakuta nusu ya mtaa imetoka na fimbo na mawe, na shujaa mmoja amekwishampiga nyoka vipande vitatu. Hakuna aliyecheka kuliko Mzee Gitau. Na njiwa? Walikuwa wamekaa juu ya sola wakitazama vita.

Vifuniko vya mikebe vinavyogongana kwa upepo huwafukuza siku tatu, siku ya nne wanalala usingizi mzuri huku watu ndio wanaokesha. Grisi msithubutu kuipaka. Niliipaka mara moja, na Mzee Gitau akanikalisha na karai la maji ya sabuni nimwoshe njiwa aliyenata, unyoya kwa unyoya, mpaka alipoweza kuruka. Kinachofaa ni waya. Na si waya wa kuku, kwa sababu shomoro hupita kwenye matundu yake bila hata kuinama. Chukueni ule waya wa matundu madogo ambao wakulima huanikia kahawa. Mzee Gitau aliuleta kutoka kwao, umeviringishwa kama mkeka. Msitoboe kasha. Tengenezeni kulabu za waya, mshike ukingo wa chini, halafu ukunjeni waya mpaka uguse vigae. Na mkitembea juu ya vigae, kanyageni pale kimoja kinapolalia kingine. Katikati kitavunjika, na mvua ikija wenye nyumba watawakumbuka kwa majina.

Basi, sasa kliniki.

Ilikuwa kliniki ndogo ya kina mama kujifungulia, upande wa Kaloleni, paa la vigae vyekundu na sola mbili juu yake. Msimamizi wake alikuwa Sista Agneta, muuguzi mnene, mwenye miguu iliyomuuma na sauti isiyohitaji simu. Ilikuwa Julai. Nyinyi mnaijua Julai ya Nairobi: jua linaonekana kama sarafu nyuma ya wingu, halafu halionekani tena. Asubuhi moja Sista alifika karakanani kwa miguu yake mwenyewe.

"Mzee Gitau yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Umoja, anafunga tangi, atarudi kesho.

"Kesho ni mbali. Nina mtoto kule amezaliwa kabla ya siku zake. Anaweza kutoshea kwenye kofia yako. Daktari amekuja, amesema asihamishwe kwenye baridi hii mpaka apate nguvu kidogo. Namweka joto kwa chupa za maji moto, na maji yanafika bombani yamepoa. Ndege wako wamekula bomba langu."

Hawakuwa ndege wangu, lakini nilijua anachosema. Bomba la maji moto linaloshuka kutoka tangini tulikuwa tumelivika pamba na gunia ili lisipoteze joto. Ndege walikuwa wamelichambua uzi kwa uzi, wakalibeba gunia lile kwenda kutandikia viota. Bomba lilikuwa uchi kwenye upepo wa Julai. Ndani, wauguzi walikuwa wakichemsha sufuria kwenye jiko la makaa, wakikimbia nazo ukumbini, na bado hazikutosha, kwa sababu chupa zilibadilishwa kila baada ya saa moja.

Nikachukua vifaa nikaenda peke yangu.

Nilifanya kazi haraka, na nilifikiri haraka ndiyo huruma. Nilivika bomba gunia jipya, safu mbili, na juu yake nikazungushia bati la mikebe ya mafuta ya kupikia, nikalikaza kwa waya ili ndege wasilichambue tena. Hiyo kazi ilikuwa nzuri, hata leo sina haya nayo. Kisha nikaenda kwenye sola. Nikavuta viota viwili vya mbele, vikavu, vimeachwa. Nikalala kifudifudi, nikachungulia kwa upande mmoja. Kimya. Giza. Sikukaa. Sikunywa chai. Nikafunga waya wa kahawa pande zote nne, kulabu baada ya kulabu, nikashuka kabla ya saa saba.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kupima maji. Nilitia mkono bombani nikauondoa upesi: yalikuwa moto. Nikatabasamu peke yangu ukumbini. Ndipo sauti ikaniita kutoka chumba cha mwisho.

"Fundi."

Alikuwa mwanamke mdogo, amejifunga leso kichwani na sweta mbili mwilini, amekaa kando ya kisanduku cha mbao kilichotandikwa blanketi. Aliitwa Wambui. Mumewe alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, na habari zilikuwa hazijamfikia. Ndani ya kisanduku, kati ya chupa zilizofungwa vitambaa, kulikuwa na uso mdogo kama ngumi, mwekundu, umekunja kipaji kama mtu aliyeamshwa vibaya.

"Habari ya mtoto, mama?" nikauliza, bila kusogea sana.

"Anapumua," akasema. Kisha akanyoosha mkono dirishani. Kutoka pale mtu aliona pembe ya paa la upande wa pili na mwisho wa sola moja. "Fundi, yule ndege anataka nini?"

Njiwa mmoja alikuwa akitembea kwenye vigae mbele ya waya wangu. Anakwenda mpaka mwisho, anarudi. Anaingiza mdomo kwenye matundu, anapiga mabawa, anarudi nyuma, anaanza tena.

"Amezoea kulala pale. Ataondoka tu."

"Ameanza jana mchana. Mimi silali, namwona. Giza lilipoingia alinyamaza, lakini kulipokucha alikuwa pale pale." Akanitazama. "Kuna watoto ndani?"

"Hakuna. Niliangalia."

"Uliangalia vizuri?"

Vijana, mimi nimeulizwa maswali na mainjinia na wakaguzi. Hakuna swali lililowahi kunikalia kifuani kama lile. Nikatoka.

Uani nilikutana na Mzee Gitau akiingia, flaski mkononi, ametoka kusikia kutoka kwa jirani kwamba niko hapa. Nikamweleza. Nilitaka anigombeze, ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Lete ngazi."

Juu, akafanya lile jambo lake. Akakaa. Nikamwambia, kwa sauti niliyojutia baadaye, "Mzee, huu si wakati wa chai!"

"Sinywi chai. Nasikiliza wako upande gani." Akainua kidole. Baada ya muda nami nikasikia: mlio mwembamba sana, kama mlango mdogo unaohitaji mafuta, kutoka nyuma kabisa, karibu na mguu wa chuma wa sola ya pili. Mahali ambapo sikupachungulia.

Tulifungua waya upande ule. Mzee alinipa tochi. Nilitia mkono mpaka begani. Makinda walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mgumu na baridi. Wa pili alikuwa baridi pia, lakini kifua chake kilikuwa kikienda, kidogo, kidogo.

Nilimshika yule aliyekufa kwenye kiganja na sikuweza kumweka chini. Nilijikuta nalia juu ya paa la watu, mchana kweupe, mwanamume mzima. Mzee Gitau hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe, ikiwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote hapa Nairobi. Kwamba mwaka uliopita, nyumbani kwetu Machakos, mke wangu Mwende alijifungua kabla ya wakati. Msichana. Aliishi siku mbili. Kwamba Mwende alirudi Kaloleni, akaweka nguo za mtoto kwenye sanduku chini ya kitanda, na tangu hapo hatukuwahi kulitaja jambo lile, yeye wala mimi. Kwamba akina mama wa mtaa hawakujua tena wamwite mama nani, wakaacha kumwita.

Mzee akavua kofia yake ya sufu, akamweka ndani yule kinda aliye hai, akaikunja juu yake.

"Musyoka," akasema, "huyu bado yuko. Tufanye ya huyu kwanza."

Alimshusha kwa ngazi kama amebeba yai. Mlangoni Sista Agneta alikuwa amesimama, mikono kiunoni, ameona yote.

"Msiniletee ndege kwenye kliniki."

"Sista, naomba chupa moja tu ya maji moto."

"Chupa zangu ni za watu, Mzee Gitau."

"Najua, Sista."

Akatuacha pale. Akarudi na chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, tupu, imejazwa maji moto na kufungwa kitambaa. "Hii haikuwa na kazi," akasema, akaondoka kabla hatujashukuru.

Tulikaa kwenye ngazi ya jikoni, kofia imelala kwenye mapaja ya Mzee, chupa ndani yake. Mimi nikatengeneza kisanduku kutoka mbao za kasha la majani ya chai, nikatoboa matundu ya maji chini, nikatandika nyasi kavu na kile kiota chenyewe, ili mama ajue harufu ya kwake. Hivi ndivyo mfanye na nyinyi, ikiwatokea: msimpeleke kinda mbali. Tulikifunga kisanduku kwenye ukingo wa paa, hatua mbili kutoka pale alipozaliwa, mahali mama angekiona. Kinda alipoanza kusukuma kwa miguu na kutoa sauti, Mzee akampandisha akamweka ndani. Kisha tukashuka. Ukikaa karibu, mama haji.

Nilikwenda chumbani kwa Wambui, kwa sababu yeye ndiye mwenye dirisha.

"Walikuwa wawili," nikamwambia. "Mmoja nimemuua. Sikuangalia vizuri."

Hakunilaumu na hakunifariji. Akasogeza kiti chake kidogo ili nami nione nje. Tulitazama pamoja, fundi mwenye masizi na mama mwenye sweta mbili. Njiwa alirudi kwenye waya. Akazunguka. Akaruka akaenda, na mimi nikafikiri basi, amekata tamaa. Akarudi na mwenzake. Saa tisa na kitu hivi, yule mama akatua kwenye ukingo wa kisanduku, akainamisha kichwa upande mmoja, akakaa hivyo kwa muda uliokuwa mrefu mno kwangu. Kisha akaingia. Tukaona mkia wake tu, ukipanda na kushuka, jinsi njiwa wanavyolisha.

Wambui akaweka mkono mdomoni. Hapo ndipo nilipomwona akilia, na hapo ndipo alipoinama kwenye kisanduku chake mwenyewe akasema, kwa Kikikuyu, maneno ambayo sikuyaelewa na sikutakiwa kuyaelewa.

Jioni nilimweleza Mwende. Alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo. Nilimweleza yote: bomba, waya, makinda, mama wa dirishani, uso mdogo kama ngumi. Hata nililomwambia Mzee Gitau nikamweleza. Alisuuza sufuria moja kwa muda mrefu kuliko sufuria inavyohitaji. Nikajilaumu tena, mara ya pili siku ileile.

Jumamosi nilimkuta amevaa nguo za kutoka, kitambaa kichwani. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Hiyo kliniki iko wapi?" akauliza.

"Unataka kwenda?"

"Nipeleke, Musyoka."

Ndani ya mfuko kulikuwa na vile vijinguo vya chini ya kitanda. Soksi za sufu, kofia, sweta nyeupe alizofuma mwenyewe kwa miezi. Alimkabidhi Wambui bila maelezo. Wambui alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, akamtazama Mwende, na nafikiri alielewa, kwa sababu hakuuliza zilikuwa za nani. Akasema, "Karibu ukae, dada." Mwende akakaa. Nikaondoka nikawaacha, nikapanda juu kuangalia bomba lisilohitaji kuangaliwa.

Tangu siku ile Mwende alikwenda kila siku akitoka sokoni, ambako alikuwa akishona nguo. Sista Agneta hakuwahi kumwuliza yeye ni nani. Alimpa aproni na kumwonyesha birika. Mwende akawa mtu wa chupa: anajaza, anafunga kitambaa, anajaribu joto kwenye shavu lake, anaweka moja miguuni na moja ubavuni, anaondoa iliyopoa. Kulikuwa na siku mbaya. Kuna mchana mmoja mtoto aliacha kunyonya matone ya maziwa kwenye kijiko, midomo ikageuka rangi, na Sista akamsugua mgongo kwa vidole viwili akimwita, "Wewe! Wewe msichana! Rudi hapa!" Mwende aliniambia kwamba miguu yake ilitaka kukimbia mpaka nyumbani. Hakukimbia. Alijaza chupa.

Yule kinda aliruka baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Tulipohakikisha kwamba hakuna mwingine, Mzee Gitau na mimi tulitoa kisanduku na kufunga sola zile vizuri, pande zote, na safari hii mimi ndiye niliyesema tukae kwanza. Tulikaa saa nzima. Chai iliisha kwenye flaski.

Na mtoto pia aliondoka. Mwishoni mwa Agosti baba yake alikuja kumchukua, mwanamume mrefu aliyembeba kama glasi iliyojaa mpaka ukingoni. Walimpa jina la nyanya yake, Nyokabi. Alikua. Alisoma. Ana watoto wake sasa, na kwenye sikukuu hutuletea kelele zao hapa Umoja. Mimi na Mwende Mungu alitupa wavulana wawili baadaye, mnawajua. Sista Agneta alistaafu na miguu yake. Mzee Gitau tulimzika kwao Murang'a, na koti lake la reli akalala nalo.

Lakini siku ninayotaka mwijue ilikuja kabla ya hayo yote, katikati ya mwezi ule wa baridi. Wambui alikuwa hajatoka chumbani mle kwa siku nyingi. Alijifuta kwa kitambaa kando ya kiti, akala kando ya kiti, akalala kichwa kikiwa juu ya ukingo wa kisanduku. Aliogopa kwamba akigeuza mgongo kitatokea kitu. Mchana ule nilikuwa nimekuja kukaza kiungo kilichokuwa kikidondosha, nikapita ukumbini nikiwa na spana mkononi, na nikasikia Mwende akisema:

"Nenda ukaoge, Wambui. Oga vizuri, na nywele uoshe. Maji ni moto."

"Na yeye?"

"Nitamshika mimi."

Nilisimama pale mlangoni. Mwende alikuwa hajamshika mtoto yeyote tangu Machakos. Hata wa majirani, akipewa, alikuwa akisema mikono yake ina maji. Nilitaka kuingia nitafute neno la kumsaidia kujitoa.

Wambui alimtoa mtoto kwenye blanketi, na zile soksi nyeupe miguuni zikiwa bado kubwa, akamweka kwenye mikono ya mke wangu. Akasimama kidogo, mikono yake bado chini ya mikono ya Mwende. Kisha akaiondoa. Akachukua taulo, akapita kando yangu bila kuniona, na baada ya muda nikasikia maji yakianza kumwagika chumba cha pili, na mwanamke akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayesahau uchovu.

Mwende hakutikisika. Alikuwa amemlaza Nyokabi kifuani, kidevu chake juu ya ile kofia ndogo. Sikujua kama analia au anaimba. Nilibaki pale kizingitini, sijui kama ni ruhusa kuingia, mlango wazi nyuma yangu na upepo wa Julai ukipita.

Bila kuinua macho, akasema polepole, "Ingia ufunge mlango, Musyoka. Mtoto anapata baridi."

Nikaingia. Nikaufunga.